Sauti ya Kompyuta Inapokatika

Faili moja la muziki linapigwa kwenye simu na kusikika safi tangu mwanzo hadi mwisho. Linahamishiwa kwenye kompyuta, linapigwa, na baada ya muda mfupi kasoro zinaanza: tak, tak, kisha mkwaruzo, kisha neno la mwimbaji linakatwa katikati na kuendelea upande wa pili wa pengo. Faili ni lile lile. Ukililinganisha baiti kwa baiti hutakuta hata moja iliyopungua. Spika ni nzima, waya ni mzima, na kompyuta yenyewe ina nguvu kuliko ile simu. Wengi hapo hulaumu kilicho karibu na mkono. Wanabadilisha spika, wanapakua programu nyingine ya kupigia muziki, au wanampelekea fundi, naye anafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Pengine tatizo huondoka bila mtu yeyote kujua lilikuwa nini. Mara nyingi hurudi.

Nataka tulifuate jambo hili kutoka chini kabisa, hatua kwa hatua, kwa sababu linaeleweka. Tena likishaeleweka, mkwaruzo wenyewe unageuka kuwa ushahidi, maana namna unavyosikika inaonyesha ulikotoka.

Ngozi ya ngoma ikipigwa husukuma hewa na kuivuta, na msukumo huo husafiri hadi sikioni kama mabadiliko madogo ya kanieneo ya hewa. Maikrofoni hugeuza mabadiliko hayo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta haina mahali pa kuweka umeme wa namna hiyo. Inachoweza kuhifadhi ni namba. Basi umeme hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli.

Mara ngapi zinatosha? Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kazi za Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949 zilithibitisha jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa kasi kuliko yote uliomo, wimbi zima linaweza kurudishwa kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu zote za kati ambazo hukuzipima. Ndiyo maana CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilibeba sampuli 44,100 kwa sekunde. Namba hiyo ilitokana na vinasa video, ambavyo ndivyo vilivyotumika wakati ule kuhifadhi sauti za kidijitali: mistari 294 ya picha, mara 50 kwa sekunde, sampuli 3 kila mstari; au kwa televisheni za Japani na Marekani, mistari 245, mara 60, sampuli 3. Zidisha upendavyo, utapata 44,100. Kazi za video zilizofuata zikazoea 48,000. Kwa hiyo mashine moja leo inaishi na viwango viwili vya sauti, na tutaona huko mbele jinsi hilo linavyoleta matata.

Sasa twende upande wa pili, namba zinaporudi kuwa sauti. Kwenye mazabodi ya kompyuta kuna chipu ndogo ya sauti, na mapigo yake yanaongozwa na fuwele ya kwatzi inayotetema bila kusita. Kwa kiwango cha sampuli 48,000, kila baada ya takriban mikrosekunde 21, yaani sehemu 21 za milioni za sekunde, chipu huchukua namba moja, huigeuza kuwa kiasi fulani cha umeme, na kuutoa kuelekea spika. Kisha huchukua inayofuata. Chipu haiulizi kama namba iko tayari, wala haina namna ya kusubiri. Ikifika zamu na namba sahihi haipo, hutoa chochote itakachokikuta mahali pale. Programu ya kuandikia barua ikichelewa nusu sekunde, hutambui. Ukurasa wa intaneti ukichelewa, unasubiri. Sauti ni kazi ya kila siku ya kompyuta ambayo saa yake iko nje ya mamlaka ya prosesa.

Na prosesa haiwezi kukaa mlangoni pa chipu ikikabidhi namba moja moja, kwa kuwa ina mambo mengine mengi. Suluhisho ni lile la nyumba ya mjini ambako maji ya bomba huja kwa mgao: unaweka tangi juu ya paa. Mgao hujaza tangi kwa vipindi, na bomba la jikoni hutiririka muda wote. Tangi la sauti huitwa bafa. Ni eneo dogo la kumbukumbu ambalo prosesa hulijaza kwa mkupuo, kisha chipu hulichota kidogo kidogo kwa mwendo wake. Katika Windows mkupuo mmoja kwa kawaida ni wa milisekunde 10, yaani sampuli 480 kwa kiwango cha 48,000. Tangi likiwa kubwa, mgao unaweza kuchelewa bila bomba kukauka. Lakini maji unayoyanywa yaliingia zamani, na hiyo ndiyo gharama: sauti unayoisikia sasa ni ya muda uliopita.

Bafa limepangwa kama duara. Chipu husoma ikizunguka, na programu huandika ikitangulia mbele yake. Usomaji wenyewe hauhitaji prosesa kabisa, kwa sababu chipu ina njia yake ya moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Jambo hilo linaeleza sauti moja ambayo mtu aliyeona kompyuta ikiganda katikati ya wimbo hawezi kuisahau: ule mngurumo wa brrrrrr usiokoma mpaka uzime mashine kwa nguvu. Prosesa imekwama, hakuna anayeandika namba mpya, lakini chipu inaendelea kuzunguka duara lile lile. Duara likiwa na urefu wa milisekunde 10, kipande hicho kinarudiwa mara 100 kwa sekunde, na kitu chochote kinachorudiwa mara 100 kwa sekunde sikio hukisikia kama noti. Mtetemo wa 100 uko karibu sana na uzi mwembamba wa gitaa la besi lenye nyuzi nne, ambao ni 98. Mwenye sikio la muziki anaweza kukadiria urefu wa duara kwa kuusikiliza mngurumo huo tu.

Kompyuta isipoganda bali ikachelewa kidogo, chipu humfikia mwandishi. Hapo draiva nyingine (programu zinazoendesha vifaa, tutazifikia hivi punde) huweka sifuri, yaani kimya. Nyingine huacha namba za mzunguko uliopita zisomwe tena. Ya kwanza utaisikia kama pengo, ya pili kama kigugumizi, silabi inayorudiwa. Ila yote mawili huanza na kuisha kwa ule mlio mkali wa tak, na inafaa kujua kwa nini. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, alionyesha kwamba umbo la wimbi linaweza kujengwa kwa kujumlisha mitetemo laini ya kasi mbalimbali. Wimbi linaloteleza polepole linahitaji mitetemo michache. Wimbi linaloruka ghafla kutoka juu hadi sifuri ndani ya sampuli moja linahitaji mitetemo ya kila kasi, mizito kwa miembamba, kwa mara moja. Hivyo pengo la milisekunde moja tu hubeba ndani yake sauti zote kwa wakati mmoja, na sikio hulishika papo hapo. Kompyuta hiyo hiyo inaweza kuruka picha nzima ya video, milisekunde 40 za mchezo wa mpira, na watazamaji sebuleni wasione kitu.

Hapa mtu atauliza swali la haki. Prosesa ya leo hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Kati ya sampuli moja na nyingine ina mapigo zaidi ya 60,000, na ndani ya mkupuo mmoja wa milisekunde 10 ina milioni 30. Kujaza namba 480 ni kazi ndogo mno kwa mashine ya aina hiyo. Inachelewaje?

Jibu linaanzia kwenye draiva. Draiva ni programu inayojua kifaa kimoja kwa undani: vidhibiti vyake viko wapi, kinaamriwaje, kinajibuje. Windows haijui kila chipu ya dunia, kwa hiyo huzungumza na draiva, na draiva huzungumza na chipu. Kwa sababu inagusa kifaa moja kwa moja, draiva ya kawaida hukaa ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali penye mamlaka kuliko programu yoyote unayoiona kwenye kioo. Chipu ikishachota sehemu ya bafa hutuma ishara iitwayo mkatizo. Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, hukimbilia draiva ya sauti, nayo hufanya jambo fupi sana kisha huweka sehemu iliyobaki kwenye foleni ya kazi zilizoahirishwa. Foleni hiyo hutangulia programu zote. Ikiisha, ndipo injini ya sauti huamshwa ichanganye muziki, mlio wa ujumbe na chochote kingine, na kuandika namba mpya.

Ila foleni si ya sauti peke yake. Draiva ya Wi-Fi huweka kazi zake humo, ya picha pia, ya diski, ya USB, ya betri. Na kazi iliyoanza humo haikatizwi na mwenzake katika foleni. Husubiriwa hadi imalize. Mwongozo wa Microsoft kwa waandishi wa draiva unataka kazi moja ya foleni hiyo isizidi mikrosekunde 100. Draiva iliyoandikwa kwa uangalifu hutii. Nyingine, kwa mfano ile inayotafuta mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, au inayosubiri betri ijibu imebaki na chaji kiasi gani, inaweza kushikilia prosesa kwa milisekunde kadhaa, hata 15. Bafa la milisekunde 10 limeshakauka.

Tazama sasa kwa nini watu hupotea njia. Wanafungua dirisha la kuonyesha matumizi ya prosesa, wanaona asilimia 5, wanasema mashine haina shida. Lakini milisekunde 15 kati ya 1,000 ni asilimia 1.5 ya kiini kimoja cha prosesa. Ikiwa na viini vinne, haifiki hata asilimia 0.4 ya nguvu yote. Kipimo cha wastani hakiwezi kuliona kosa hili kamwe. Kompyuta haikuzidiwa na kazi. Ilichelewa mara moja, mahali pasiporuhusu kuchelewa. Kununua prosesa yenye kasi zaidi, ushauri ninaousikia mara nyingi, kunaweza kusisaidie chochote, kwa sababu draiva inayosubiri betri ijibu itasubiri vilevile hata ikiwa juu ya prosesa ya bei mbaya.

Jambo la pili linalofuata hapo ni zito zaidi: draiva ya sauti, ambayo ndiyo hulaumiwa na kufutwa kwanza, mara nyingi ni mwathirika. Ilipokea mkatizo wake kwa wakati, ikapanga foleni, ikakuta mwenzake amekaa mlangoni.

Utamjuaje basi mkosaji? Kabla ya kugusa mpangilio wowote, sikiliza. Rudisha wimbo nyuma sekunde kumi. Tak ikitokea kwenye neno lile lile kila mara, kasoro imo ndani ya faili, imeingia wakati wa kurekodi au kubadilisha aina ya faili, na hakuna draiva itakayoiondoa. Ikiwa unachosikia ni mvumo mzito usiokoma, unaobadilika ukichomoa chaja ya laptopu, huo ni umeme wa ukutani wenye hezi 50 ukipenya kwenye waya za sauti. Tatizo ni la ethi na soketi. Mikatiko ikihama mahali kila unaporudia, hiyo ndiyo ya kuchelewa, na safari yetu inaanza.

Badili njia ya sauti. Kama ulikuwa ukisikiliza kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, jaribu hedifoni za USB, ambazo zina chipu yao na draiva yao. Zikisikika safi, tatizo liko kwenye draiva ya chipu ya ndani au mipangilio yake. Nazo zikikatika kwa namna ile ile, mkosaji ni kitu kinachotumiwa na njia zote mbili, na kwa kawaida ni ile foleni. Jaribio hili moja huchukua dakika chache, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko kuweka Windows upya mara tatu.

Baada ya hapo nyamazisha vifaa kimoja kimoja. Anza na Wi-Fi: nenda kwenye Device Manager, zima kifaa chenyewe cha Wi-Fi, maana kujitoa kwenye mtandao tu hakuizuii draiva kuendelea kutafuta. Sikiliza dakika kumi. Mikatiko ikikoma, umempata. Ikiendelea, iwashe Wi-Fi na uzime Bluetooth, kisha kamera. Chomoa chaja, uchomeke tena. Weka mpango wa umeme kwenye nguvu kamili, kwa kuwa prosesa inayosinzia ili kuokoa betri huhitaji muda wa kuamka, na muda huo hukatwa kwenye bafa lako. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mtu anayebadilisha vitano kwa pamoja huenda akapona, lakini hatajua kilichomponya, na wiki ijayo mfumo ukijisasisha ataanza upya.

Kuna programu ya bure ya Windows iitwayo LatencyMon inayofanya kazi hii kwa vipimo. Iache iende dakika kumi na tano huku ukitumia kompyuta kama kawaida, kisha tazama orodha ya draiva na muda mrefu zaidi ambao kila moja imewahi kushikilia prosesa. Isome kwa akili, hata hivyo. Mara nyingi juu kabisa utakuta jina kama ndis.sys, na wengi hukimbilia kulitafuta walifute. Hilo ni faili la Windows lenyewe ambalo draiva zote za mtandao hupitia. Likionekana, shuku draiva ya Wi-Fi au ya waya wa mtandao iliyo chini yake. Wdf01000.sys nalo ni hivyo hivyo, ni jukwaa linalobeba draiva za wengine. Kwa watumiaji wa Linux mambo ni ya wazi zaidi: penye mfumo wa sauti wa PipeWire, amri ya pw-top ina safu inayohesabu makosa ya kila programu, na hesabu ikipanda wakati ule ule unaosikia mkatiko, hakuna tena la kubishana.

Jaribio la USB likionyesha kuwa kosa ni la njia ya ndani, tazama kwanza mapambo. Watengenezaji wa laptopu hupenda kuongeza vionjo vya sauti: besi nzito, sauti ya ukumbi, kusafisha maikrofoni. Tangu Windows Vista, kuchanganya sauti kulitolewa kwenye kiini cha mfumo na kuwekwa kwenye programu yake iitwayo audiodg.exe, na vionjo hivyo hufanya kazi humo, ndani ya zile zile milisekunde 10. Ukiona audiodg.exe inakula prosesa kwa wingi muziki unapopigwa, zima vionjo vyote kwenye mipangilio ya spika. Kisha, kama bado, ibadilishe draiva yenyewe. Windows huja na draiva yake ya jumla ya sauti, iitwayo High Definition Audio Device, inayoendesha chipu nyingi za kawaida bila madoido. Ukiichagua kutoka kwenye orodha na mikatiko ikakoma, draiva ya mtengenezaji ndiyo yenye kosa.

Hapo ndipo ninapotaka kusema neno kuhusu laptopu za mitumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Nyingi ni mashine nzuri, zilizotumika ofisini Ulaya na kusafishwa. Ila zimewekwa Windows upya, na draiva zimemwagwa kutoka kwenye flashi moja yenye mkusanyiko wa kila kitu, unaobahatisha ipi inafanana. Draiva inayofanana tu hufanya kazi: sauti inatoka, mnunuzi anaridhika, anaondoka. Upungufu unakuja kuonekana nyumbani, wakati Wi-Fi, video na sauti vinapofanya kazi pamoja. Tiba ni kugeuza laptopu, kusoma namba ya modeli iliyoandikwa chini yake, na kuchukua draiva za modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji: ya mazabodi kwanza, halafu ya Wi-Fi, halafu ya sauti. Ukitaka kujua chipu yako ni ya nani, Device Manager huonyesha kitambulisho chake. Ukikuta humo VEN_10EC, ni ya Realtek, kampuni ya Taiwan ambayo chipu zake zimejaa kwenye kompyuta za kawaida.

Zipo kasoro zinazofanana na mkatiko wa kuchelewa lakini asili yake ni nyingine, nazo zina alama zake. Mwanafunzi anayehifadhi Kurani kwa kusikiliza aya moja, kusimamisha, kurudia, kisha kuendelea, anaweza kugundua kwamba silabi ya kwanza ya kila aya haisikiki. Hapo hakuna kilichochelewa kwenye foleni. Chipu ya sauti huzimwa baada ya kimya cha sekunde kadhaa ili kuokoa umeme, na kuamka kwake hula mwanzo wa sauti, wakati mwingine kwa mlio mdogo wa pu. Kwenye Linux huzuiwa kwa kuweka kigezo cha power_save cha draiva ya snd_hda_intel kuwa 0. Kwenye Windows mpangilio hutegemea draiva.

Muziki ukisikika mwembamba na wa haraka, rudi kwenye vile viwango viwili. Sampuli 44,100 zikisomwa kwa mwendo wa 48,000 bila kubadilishwa, wimbo wa dakika 4 utaisha kwa dakika 3 na sekunde 40, na sauti itapanda karibu nusutoni moja na nusu. Mwimbaji mzee anasikika kama kijana. Ni mpangilio uliokosewa mahali fulani kati ya programu na draiva, na huponywa kwa kuweka kiwango kimoja pande zote. Na ukivaa hedifoni za Bluetooth, ukapiga simu ya intaneti, na muziki ukageuka ghafla kuwa kama wa simu ya zamani, usifute draiva yoyote: kufunguliwa kwa maikrofoni kumeihamisha Bluetooth kwenye njia ya mazungumzo, ambayo kwa kawaida ina sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde.

USB nayo ina tabia yake. Data za sauti hutumwa kwa vifurushi vya wakati maalumu. Kwenye USB ya kasi ya kawaida ni kifurushi kimoja kila milisekunde, na kwa muziki wa 44,100 vifurushi tisa hubeba sampuli 44 na cha kumi hubeba 45, ili hesabu itimie. Kifurushi kikiharibika njiani hakitumwi tena, kwa kuwa kikirudiwa kingefika baada ya wakati wake kupita. Kwa hiyo waya mbovu, au kigawanyio kimoja cha USB kinachobeba kamera, diski na kadi ya sauti kwa pamoja, huleta mikatiko ambayo haina uhusiano na draiva. Hamishia kadi ya sauti kwenye tundu lake peke yake.

Iliyo ngumu kuliko zote ni ile inayokuja kwa mpangilio kamili, tak moja kila baada ya muda ule ule kama saa ya ukutani. Mpangilio huo ni ushahidi mkubwa. Kuchelewa kwa foleni kwa kawaida ni kwa ovyo ovyo, ila penye kazi inayojirudia kama kutafuta mitandao. Mpangilio kamili unaoendelea hata Wi-Fi ikiwa imezimwa unaelekeza kwenye saa mbili zisizokubaliana. Mtu wa Muscat akisikiliza redio ya Mombasa kwa intaneti, studio inapima sauti kwa fuwele yake na kompyuta ya msikilizaji inaipiga kwa fuwele nyingine. Hakuna fuwele mbili zinazotetema sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 100 katika milioni inatosha: kwa kiwango cha 48,000 ni sampuli 4.8 kila sekunde, na akiba ya sampuli 480 itakwisha, au itafurika, kila baada ya sekunde 100. Programu nzuri hulinyoosha jambo hili kwa kuibana au kuivuta sauti kidogo mno, kiasi ambacho sikio halikitambui. Mbaya huacha bafa likauke, linajaa tena, na mzunguko unaanza. Shida hiyo hiyo huwapata wanaorekodi kwa maikrofoni ya USB huku wakisikiliza kupitia tundu la kompyuta, kwa maana hizo ni saa mbili ndani ya mashine moja. Watumie kifaa kimoja kwa kazi zote mbili, na saa itakuwa moja.

Limebaki swali la ukubwa wa bafa. Kuliongeza huficha takriban kila kosa la kuchelewa, na kwa anayesikiliza tu sioni ubaya wowote. Sauti ikichelewa hata milisekunde 200 baada ya kubonyeza, hapungukiwi kitu. Kwa anayeimba huku akijisikiliza ni jambo jingine. Sauti husafiri hewani takriban sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo bafa la sampuli 1,024, ambalo ni kama milisekunde 21, humfanya ajisikie kana kwamba spika iko mita 7 kutoka alipo, na njia ya kuingia ya maikrofoni huongeza muda wake juu ya huo. Mdundo huanza kumponyoka. Sampuli 64 ni milisekunde 1.3, raha tupu, ila mashine nyingi za kawaida haziwezi kuzitimiza. Mwenye studio ndogo aanze na 1,024 huku akirekodi kweli, apunguze nusu, 512, 256, 128, kila kimoja akikipa wimbo mzima. Mkatiko wa kwanza ukitokea, arudi hatua moja juu na kubaki hapo. Na kama hata 1,024 inakatika, asiongeze tena. Kuna draiva inayoshikilia foleni, na aitafute kwanza.